Damu ya Dekha

Jumatatu, 13 Januari

Sampuli thelathini na nane kabla ya saa nne. Umeme umepotea mara mbili, na kila ukirudi mashine ya kuhesabu damu inaanza upya. Mutuku, mwenzangu wa maabara, amechelewa tena. Leo kisingizio ni tairi.

Dekha amekuja Garissa kutoka Modogashe kumrudisha binti yake Ifrah shuleni. Amepanda ngazi za maabara akishika ukuta. Ngazi sita. Dada yangu, mwanamke aliyekuwa akibeba mitungi miwili ya maziwa ya ngamia mpaka kwenye basi, mmoja kila mkono. Nimemkalisha nikamtoa damu bila fomu ya daktari. Si utaratibu. Nimefanya.

Wingi wa damu nane nukta moja, na kawaida ni kumi na mbili. Viganja havina rangi.

Nimempa vidonge vya chuma vya miezi miwili. Uvimbe wa mfuko wa uzazi ulimnyonya damu miaka mitatu, na siku ya upasuaji, Novemba, alivuja nyingi zaidi. Haiwezi kurudi kwa wiki nane. Itarudi.

Mutuku alichungulia karatasi ya Dekha begani mwangu. Mbona kreatinini, ile ya figo, iko juu hivi, mia moja na tisini, akauliza. Nikamwambia figo zake zilisimama baada ya upasuaji, damu ikasafishwa kwa mashine mara mbili, kisha zikaamka. Hayo ni mabaki.

"Mwambie daktari lakini," akasema.

Daktari alikuwa kwenye chumba cha upasuaji. Kisha wakaletwa watu wa ajali. Sijamwambia. Kesho.

Alhamisi, 16 Januari

Dekha ameondoka. Ngamia wawili wamezaa na hamwamini mtu kuwakama. Karatasi aliyopewa akitoka hospitali inasema arudi mwezi wa pili, figo zipimwe. Nilimkumbusha. Akasema mkojo unatoka, tena mwingi. Figo ikifa si mkojo hukauka?

Nilicheka. Nina diploma ya maabara, najua mkojo unaweza kutoka hata figo zikiwa mbovu, na nilicheka.

Na yule daktari sijamwambia bado.

Jumamosi, 8 Februari

Joto halisemeki. Komeo la mlango linachoma mkono.

Dekha amepiga simu. Mgongo unamuuma, na mshono unavuta akiinama. Nimempa dereva wa basi pakiti tatu za dawa ya maumivu, ile kali, ampelekee. Pamoja na vidonge vingine vya chuma. Anasema vya chuma vinamfunga choo na damu haioni ikiongezeka. Nyumbani wanamlisha maini ya mbuzi kila siku. Dhiig yaraan, wanasema, kama vile wanasema mafua. Upungufu wa damu kila mtu ana dawa yake. Maini, tende, supu ya mifupa. Mimi yangu ni chuma.

Hatakuja mwezi huu. Malisho yamesogea mbali, lazima awepo.

Jumapili, 2 Machi

Mosi Ramadhani. Nimemwambia Dekha asifunge, mgonjwa ana ruhusa. Akanijibu: nimepasuliwa Novemba, huu ni Machi, ugonjwa gani huo usiokwisha? Anafunga.

Nimechoka kubishana naye. Ana miaka kumi na miwili zaidi yangu na hajawahi kunisikiliza hata siku moja.

Jumatano, 19 Machi

Sauti yake imekuwa fupi. Anapumua katikati ya maneno. Chakula kinamnukia vibaya, hata cha futari.

Ni saumu. Ni joto. Nimesema hivyo mara tatu leo. Mara ya tatu simu ilikuwa imeshakatika.

Jumatatu, 31 Machi

Idi. Dekha hakushika simu. Aliyeishika ni shemeji yake, anayechunga naye, akasema Dekha amelala. Saa nne asubuhi, siku ya Idi, Dekha amelala.

Alhamisi, 3 Aprili

Wamemleta nyuma ya pikapu, juu ya godoro. Barabara yote ile. Uso umevimba. Ukibonyeza mguu wake shimo linabaki. Alinitazama kwa muda kabla ya kunijua. "Hamdi," akasema, "umekonda."

Mutuku alitaka kumtoa damu yeye. Nilimkatalia.

Nne nukta tisa. Kreatinini imepita elfu moja. Nilirudia kipimo. Namba ileile.

Nimetafuta damu, nimeipima mimi mwenyewe na yake, imepatana. Pakiti tatu, moja leo na mbili kesho akiwa kwenye mashine ya kusafisha damu. Nilisimama nikaitazama ya kwanza ikiingia tone kwa tone. Nilijisikia nafanya kazi nzuri. Nayaandika haya kwa sababu ni kweli.

Ijumaa, 4 Aprili

Daktari wa figo ni mwanamke mdogo kuliko mimi, mpole, haharakishi. Amenieleza koridoni. Figo hazikuwahi kupona. Zilirudi nusu, watu wakadhani zimerudi zote. Figo ndizo zinazoupelekea uboho amri utengeneze damu. Amri ikikatika, meza chuma mpaka uchoke, damu haiji. Kumbe ule weupe wa viganja ulikuwa figo zinasema.

Haya yote niliyasoma chuoni. Niliyafanyia mtihani.

"Baada ya kutoka wodini alipimwa tena?" akauliza.

Nikasema hapana.

"Kuna dawa za maumivu alikuwa anatumia?"

Nikasema sijui.

Jumamosi, 5 Aprili

Nimeenda maabara siku ya mapumziko nikafungua kumbukumbu za mashine. Matokeo ya Januari yapo. Damu ya mtu aliyekosa chuma huwa na chembe ndogo zilizopauka. Za Dekha zilikuwa za ukubwa wa kawaida kabisa. Chache tu, basi. Nilikuwa na jibu mbele ya macho yangu. Hata Mutuku aliliona.

Sikufuta. Nilifikiria kufuta.

Jumapili, 13 Aprili

Mashine ni Jumatatu na Alhamisi, saa nne asubuhi kila mara. Kitanda cha jirani kuna mzee wa Wajir aliyehamia hapa kwa ajili ya mashine. Ana mwaka wa tatu. Manesi wa bara wanampenda. "Bole bole, mama," anamwambia Dekha kwa Kiswahili cha lafudhi yetu ili nesi naye asikie. "Hii mashine ni kama ngamia mkali. Usimgombeze. Zoea harufu yake." Dekha alicheka kwa mara ya kwanza tangu aletwe.

Anaishi kwangu sasa. Kikombe cha maji kinapimwa. Tende marufuku, ndizi marufuku, maziwa kidogo sana. Mwanamke aliyeuza maziwa maisha yake yote.

Ifrah yuko likizo. Ni binti yake wa pekee, kidato cha tatu, baba yake alifariki akiwa mdogo. Anamkanda mama yake miguu.

Naandika kwa Kiswahili tangu nilipokuwa shule ya bweni. Mwanzoni ilikuwa amri ya mwalimu, leo ni maficho. Kisomali ndicho ninachozungumza na Dekha. Nikiandika kwa Kisomali nitakuwa namwambia.

Hooyo, mama yetu, alipofariki nilikuwa na miaka saba na Dekha kumi na tisa. Alikataa posa mbili ili nimalize darasa la nane. Huyo ndiye niliyesema sijui kuhusu dawa zake.

Jumatano, 7 Mei

Sindano za kuamsha uboho zimeanza kufanya kazi. Saba nukta sita. Leo ameoga mwenyewe.

Nimejitolea figo. Kundi la damu ni moja. Dekha alikataa siku mbili, siku ya tatu akauliza itakatwa upande gani. Ifrah aliposema atatoa yeye, mama yake alimrushia kandambili. Ana miaka kumi na sita! Kandambili ilimkosa ikagonga birika. Tulicheka wote watatu mpaka Dekha akaishiwa pumzi.

Sikumwambia mtu kwamba nafurahi. Ninataka kukatwa. Nataka kiondoke kitu mwilini mwangu kiende kwake, halafu hesabu iwe imefungwa na nisilazimike kusema chochote.

Jumatatu, 9 Juni

Tumerudi kutoka Nairobi, tumepimwa sote wawili. Vichupa kumi na kimoja vya damu kutoka kwangu. Dekha alisema Nairobi watu wanatembea kama wanafukuzwa.

Idi ya kuchinja imepita. Alikula kipande kimoja cha nyama, akakaa na mfupa muda mrefu.

Jumanne, 1 Julai

Haiwezekani.

Damu yake inaishambulia yangu. Wamechanganya mara mbili, majibu yale yale. Mwili wake umejifunza kukataa. Daktari wa figo amenipigia mwenyewe, hakutaka nisome kwenye karatasi. Nikamuuliza umejifunzia wapi. Akasema inaweza kuwa ujauzito wa zamani. Inaweza kuwa damu ya kuongezewa. Mara nyingi ni hiyo.

Aliongezewa Novemba. Na Aprili zile pakiti tatu. Nilizozipima mimi.

"Bila ile damu ya Aprili angekufa," daktari akasema. "Usijibebeshe hilo."

Hilo silibebi. Ninajua hakukuwa na njia nyingine Aprili. Ninabeba Januari. Kama ningepanda kwenda wodini ile Januari na karatasi mkononi, huenda kusingekuwa na Aprili.

Hakuna ndugu mwingine. Tulizaliwa wawili.

Jumatano, 2 Julai

Nimemwambia Dekha kwamba figo yangu imekataliwa. Alivuta shuka mpaka kidevuni. Akasema, "Basi baki nayo, uitumie vizuri." Akaomba chai. Nikampa nusu kikombe.

Ijumaa, 18 Julai

Nimemwambia.

Sikupanga. Nilikuwa namkata kucha za miguu. Akasema, kama mtu anayezungumzia mvua, kwamba angekuja mwezi wa pili kama karatasi ilivyosema huenda mambo yangekuwa mengine, kwamba ni ujinga wake. Aliurudia mara mbili, ujinga wangu, ujinga wangu. Sikuweza kumwachia.

Nikasema nilikupima Januari. Figo zilionekana. Nilijua namba, sikumwambia daktari, sikukwambia wewe. Na dawa ya mgongo ni sumu kwa figo zilizoumia, na niliituma mimi. Na daktari aliponiuliza, nilidanganya.

Aliuvuta mguu wake. Kucha mbili zilikuwa hazijakatwa.

"Toka," akasema.

Jumatatu, 21 Julai

Amekwenda kwenye mashine na jirani. Mimi hataki.

Nimempigia daktari wa figo nikamweleza yote, Januari na dawa. Akasema anaandika kwenye faili, na ahsante kwa kusema. Sauti yake haikuwa na upole wa siku zote. Sawa.

Alhamisi, 24 Julai

Siku sita. Ananisalimia kwa sababu salamu ni haki ya Mwislamu. Zaidi ya hapo hakuna. Anakula ninachopika. Anaosha sahani yake mwenyewe, amekaa kwenye kigoda, anapumua.

Ninastahili. Inauma vilevile.

Jumatatu, 28 Julai

Asubuhi alinikuta jikoni. Akasimama mlangoni.

"Leo wakinipima, lete karatasi. Unisomee yote. Si unayotaka wewe nisikie. Yote."

Nimeenda naye. Nimeketi pembeni ya mashine nikamsomea mstari kwa mstari, kwa Kisomali, namba na maana yake. Damu imeshuka tena, sita nukta tatu, sindano zimeanza kushindwa. Na picha ya moyo ya wiki iliyopita, ambayo alikuwa amewekewa kwenye faili bila kuelezwa. Moyo umepanuka. Umesukuma damu nyepesi kwa muda mrefu mno, umechoka. Aliuliza moyo uliopanuka unarudi? Nikasema wa wengine hurudi kidogo. Akauliza wangu? Nikasema sidhani.

Mzee wa Wajir alijifanya amelala.

Dekha alifikiri. Kisha akasema, "Mwambie daktari nataka kwenda Modogashe. Kati ya mashine na mashine. Kabla Ifrah hajafungua shule."

Jambo la kwanza lililonijia mdomoni ni hapana. Nikalimeza.

Alhamisi, 31 Julai

Daktari amekaa kitandani kwake akamweleza kila kitu: barabara, maji, moyo. Mimi nilitafsiri. Sikuongeza neno, sikupunguza. Daktari alipomaliza Dekha akamshika mkono akasema, "Binti yangu, nimeelewa." Hilo alilisema kwa Kiswahili.

Kucha mbili amenipa nizikate.

Ijumaa, 8 Agosti

Modogashe. Tumefika saa tisa, gari la kukodi, Dekha amelala mapajani mwa Ifrah nusu ya safari. Vumbi jekundu hadi kwenye meno. Kwenye njia panda malori ya Isiolo yamejipanga, na wanawake wa maziwa walipomwona wakaacha mitungi wakaja mbio. Walimshika uso. Mmoja alilia kwa sauti, Dekha akamwambia anyamaze, bado sijafa, unanitia aibu.

Amekaa nje ya nyumba yake. Uso una rangi kidogo. Au ni jua.

Jumamosi, 9 Agosti

Wamemletea ngamia. Wote kumi na wanane, asubuhi, wamepitishwa mbele yake. Anawajua kwa majina. Aliwaita mmoja mmoja, na Ifrah akawa anaandika kwenye daftari: huyu mama yake nani, huyu ana mimba, huyu anapiga teke kulia. Saa nzima. Msichana hakujua nusu ya mambo hayo. Mimi sikujua hata moja.

Kisha akaomba maziwa. Nikamwambia kikombe kimoja kina potasiamu kiasi gani, ambayo figo zake haziitoi tena, na inaweza kufanya nini kwenye moyo ule. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Umesema yote?"

"Yote."

Akanywa. Si kikombe kizima. Alifumba macho.

Jumapili, 10 Agosti

Dekha amefariki saa kumi na dakika chache, baada ya alasiri. Gari lilikuwa limekuja kutuchukua. Nilikuwa nafunga begi. Alikuwa anazungumza na Ifrah, nasikia sauti zao ukutani, halafu yake ikakatika katikati ya jina. Ifrah hakupiga kelele. Alisema, "Habaryar, njoo." Mara moja tu.

Nikamsomea shahada sikioni. Midomo ilijaribu.

Tumemwosha, mimi na wanawake wawili wa maziwa. Alikuwa mwepesi. Amezikwa kabla ya jua kutua.

Sijui kama ni maziwa, au barabara, au moyo tu. Daktari amesema kwa simu kwamba moyo ule ungeweza kusimama hata kitandani Garissa. Ninamwamini. Simwamini.

Alhamisi, 14 Agosti

Wageni. Chai. Wageni. Saa nne asubuhi mwili wangu ulisimama wenyewe kutafuta kadi yake ya mashine.

Jumapili, 17 Agosti

Shemeji atabaki na ngamia, wawili ni wa Ifrah kwa jina, mama yake alishasema mbele ya watu. Tumerudi Garissa. Nyumba imejaa vikombe vidogo. Nimevitoa vyote kwenye kabati, sijui vya nini, nimevirudisha.

Ifrah aliniuliza. Kama ni kweli nilijua Januari. Mama yake alimwambia. Nikasema kweli. Ameingia chumbani akafunga mlango. Nimepika anjera nikaacha sahani mlangoni. Baadaye sahani ilikuwa tupu.

Jumatatu, 25 Agosti

Shule zimefunguliwa. Nimempeleka Ifrah kwa miguu, sanduku nimebeba mimi, mfuko wa vitabu yeye. Aliuliza kama nitakuja siku ya wazazi. Nikasema nitakuja.

Getini kuna fomu mpya mwaka huu. Jina la mzazi. Uhusiano na mwanafunzi. Mwalimu wa zamu ni mgeni, ametoka Kakamega, hata hajazoea joto. Ifrah alichukua kalamu kabla yangu. Akaandika jina langu, na mbele yake akaandika habaryar.

"Hii ni nini kwa Kiswahili?" mwalimu akauliza.

Ifrah akasema, "Mama mdogo."

Mwalimu akaandika hivyo. Ifrah akachukua sanduku mkononi mwangu akaingia.

Nimefika kazini saa tatu. Sampuli ishirini na sita.